Mlango wa Pili wa Nyumba ya Kina Gehman

Sogea karibu, na usimwangalie mwenzako akusaidie. Nina bibi mwekundu, ana vinywa viwili usoni, sawa kwa kimo, sawa kwa upana. Kwa kimoja anameza na kutema kutwa nzima. Cha pili hakifungui ila mara mbili katika maisha ya mtu, na mara zote mbili hamezi kitu, anatema tu. Nani huyo?

Usiniambie chura. Chura ana kinywa kimoja na hajui kukifunga. Umeshindwa? Nipe mji, basi. Lebanon wetu wa hapa jirani siutaki, nimeuza mayai pale miaka arobaini, hauna jipya. Philadelphia? Haya, Philadelphia naupokea. Nimekwenda, wamenipa kiti cha mbele, nimekula nimeshiba, nimerudi. Jibu lako ni nyumba ya baba yangu.

Ni nyekundu kwa sababu ni ya matofali, na matofali yenyewe yalichomwa papo hapo shambani. Shimo ulikotoka udongo ndilo bwawa la bata mpaka leo. Orofa mbili, dohani moja kila mwisho, na kuta nene hata paka alikuwa akijinyoosha dirishani na mkia usining'inie. Upande wa mbele matofali yalipangwa kwa madaha: moja limelala ubavu, linalofuata limetoa kichwa, ubavu, kichwa, ubavu, kichwa, tangu mawe ya msingi mpaka paani. Upande wa nyuma, wanakopita ng'ombe, ni mbavu tupu, mradi ukuta usimame. Wazee wetu walikuwa watu wa kanisa, nguo nyeusi, hata kifungo cha urembo hawana, na walihubiri vikali juu ya majivuno. Majivuno yao yote waliyajenga upande wa barabarani.

Na hapo mbele, katikati, milango miwili bega kwa bega. Wa kushoto ni wa jikoni. Huo tulipita sote: watoto, mbwa, ndoo za maziwa, mhubiri, na yule bwana wa kuuza brashi. Wa kulia ni wa sebuleni. Huo ulifunguliwa siku bibi harusi anapotoka kwao, na siku jeneza linapotoka. Siku nyingine zote ulikuwa na komeo ndani, na nje, juu ya kizingiti, ulilazwa ubao mpana. Mimi nilitoka humo nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mama alitoka humo miaka minane baadaye. Dada yangu Salinda alikuwa hajatoka.

Mwaka ninaousimulia Salinda alikuwa na miaka hamsini na moja. Alikuwa akimtunza baba yetu, mzee Phares Gehman, miaka themanini na nne na masikio yanayosikia yanachotaka. Mimi niliolewa shamba la jirani, hatua mia tatu tu, nikawa nakwenda kila siku kumsaidia kazi na kumchokoza.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa tulikuwa jikoni tunamenya matufaha. Mara tukasikia: ko, ko, ko. Upande wa sebuleni.

Salinda aliweka kisu chini. Katika bonde letu hakuna mtu anayebisha mlango wa sebuleni. Anayebisha hapo amekuja na msiba. Akavua aproni ya kijivu akavaa nyeusi. Akaenda kwenye saa ya ukutani akaisimamisha, kama tunavyofanya mtu akifa.

Baba akaita kutoka chumba chake. "Nani amekufa?"

"Hatujajua bado, Baba."

"Kama ni mimi, waambieni nina kipande cha pai sijakimaliza."

Tukatoka kwa mlango wa jikoni tukiwa tumeshavaa nyuso za msibani. Tukamkuta mwanamume mwembamba, vumbi la chokaa limemjaa kwenye nyusi, sikio kaliegemeza ukutani, anagonga matofali kwa mpini wa nyundo.

"Pole, ndugu," Salinda akasema kwa upole. "Ni nani?"

Akageuka. "Titus Kulp."

"Pole sana. Alifariki lini?"

"Sijafariki, dada. Mimi ndiye Titus. Ni mwashi, mzee Phares aliniita nije nitazame ukuta." Akagonga tofali moja, likalia kama sahani nzima. Akanyoosha mkono akagonga moja la kwenye tao, juu ya mlango, likalia kama boga bovu. "Unasikia? Haya ya juu ndiyo yaliyokufa. Kwa hiyo pole zako hazijapotea, zimefika mahali pake."

Salinda alijifunika uso kwa aproni nyeusi. Nilidhani analia, kumbe mabega yanamcheza kwa kicheko. Akarudi ndani akaiwasha saa. Tangu siku ile saa ya kwetu iko nyuma dakika kumi na mbili, na hakuna aliyepata ujasiri wa kuirekebisha.

Tao lile lilikuwa na kisa chake. Miaka tisa nyuma lilipasuka kidogo, kaka yetu Ammon akaja kulitengeneza. Ammon anauza vifaa vya shamba mjini, na hakuna jambo asilolijua. Alilisiliba kwa saruji asubuhi moja, akamaliza kabla ya chakula, akajisifu mpaka jioni. Msimu wa baridi ulipopita matofali yakaanza kubanduka nyuso, kama viazi vya kuchemsha vinavyovua maganda.

"Tofali la zamani ni laini," Titus alituambia, akiikwangua saruji ya Ammon kwa patasi. "Linakunywa mvua, halafu linataka kuitoa. Chokaa inaipisha njia. Saruji haimpishi mtu. Sasa maji yakikosa pa kupita yanapasua tofali lenyewe. Kinachounganisha lazima kiwe laini kuliko kinachounganishwa."

"Hayo ni mambo ya ukuta au ni mahubiri?" nikamuuliza.

"Ni ukuta, dada Fianna. Nikihubiri watu husinzia."

Jumatano Ammon akaja mwenyewe, akasimama mbele ya nyumba, mikono kiunoni. Baba tulikuwa tumemtoa nje, yuko kwenye kiti chake na blanketi.

"Mimi naona mlango huu tuuzibe," Ammon akasema. "Kwa nini tuhangaike na tao? Toa mlango, jenga ukuta mpaka kiunoni, weka dirisha. Baridi yote inapitia hapo. Na unatumika lini? Fianna alishatoka. Mama alishatoka. Aliyebaki ni Baba tu."

"Na mimi sitolewi dirishani kama godoro," Baba akasema.

Hakuna aliyemtaja Salinda. Naye alikuwa papo hapo, ameshika birika la kahawa, anammiminia huyo huyo Ammon.

Baba akamtazama. "Anayekaa nyumba hii ni Salinda. Yeye ndiye aseme: uzibwe au utengenezwe."

"Nitafikiri," Salinda akasema.

"Fikiri haraka," Ammon akamwambia. "Dirisha ninalo ghalani. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja nalo."

Titus akasema chokaa haipatani na jalidi. Ile barafu nyembamba ya alfajiri ikiipata mbichi, inaiua. Angeanzia kona ya mashariki, na akifika mlangoni awe ameambiwa afanye nini.

Basi akaanza. Matofali yaliyoharibika uso alikuwa akiyachomoa moja moja, anayageuza, anayarudisha, ule uso uliofichwa ndani miaka yote ndio unatazama nje. Saa nne kila asubuhi Salinda alimpelekea kahawa na kipande cha pai ya molasi. Siku ya kwanza alikiweka juu ya ukingo wa dirisha akaondoka. Siku ya pili alisubiri sahani. Siku ya tatu alisimama akaanza kuuliza maswali juu ya mchanga.

Siku ya nne mimi nilikuwa uani, nakoroga jemu ya tufaha kwenye sufuria kubwa ya shaba, kwa ule mwiko wenye mpini mrefu kuliko mimi. Nilikuwa nasikia kila neno, na sikuwa nimeziba masikio.

"Dada Salinda," Titus akasema, mdomo umejaa pai, "mlango huu hufunguliwa lini hasa?"

"Bibi harusi akitoka. Au maiti ikitoka."

Titus akatafuna, akameza. "Na wewe unasubiri kipi?"

Mwiko ulinisimama mkononi. Salinda alimnyang'anya sahani na pai ikiwa bado juu yake, akaingia ndani, na mlango wa jikoni ukafungwa taratibu kabisa. Angeubamiza ningepata matumaini zaidi.

Hakujibu siku ile. Hakujibu kesho yake. Kahawa iliendelea kwenda saa nne, na pai ilikatwa kubwa kuliko ya kwanza, lakini jibu hakuna.

"Mwenzangu, mtu ameuliza," nikamwambia tukiwa kando ya sufuria.

"Ameuliza habari za mlango."

"Mlango hauulizwi unasubiri nini."

"Fianna, koroga, jemu inashika chini."

Nikakoroga. Baada ya kitambo akasema mwenyewe, anatazama moshi. "Mtu wa miaka hamsini na moja anatoka mlango ule amelala chali. Unataka nisimame pale kizingitini kama binti, bonde zima lije kucheka? Na Baba nimwache na nani?"

Nikatia mdalasini.

Titus alikuwa analala kwangu, chumba cha juu ya ghala la mahindi, maana isingependeza alale pale kwa Salinda. Mkewe alifariki miaka mitatu nyuma, na nyumba yake iko ng'ambo ya mlima. Usimwone mpole ukadhani ni mtu wa kusukumwa. Aliniambia akiwa anakata soseji, "Ukuta ukiisha naondoka, na sirudi kuuliza mara ya pili. Mtu akikaa kimya huwa ameshajibu."

"Kwa Salinda siyo," nikamwambia. "Mwaka juzi alinyamaza siku tisa, tukadhani anaumwa. Siku ya kumi akanunua ng'ombe."

Akatafakari neno hilo mpaka soseji ikapoa. Na nadhani alilishika, kwa sababu kuanzia siku ile mkono wake ulilegea. Alikuwa anapanga matofali sita kwa siku, na mawili kati ya hayo anayatoa jioni, anasema hayakukaa vizuri. Konokono aliyekuwa anapanda ukuta ule alimpita.

Lakini hata konokono hufika. Ijumaa ya wiki ya pili Titus alikuwa ameshafika kwenye mlango wa sebuleni, na bata bukini wa porini walikuwa wanapita juu wanakwenda kusini, maana yake jalidi haiko mbali. Jumamosi asubuhi gari la Ammon likaingia uani, na dirisha nyuma, na mfuko wa saruji juu ya dirisha.

"Haya, dada," Ammon akasema akishuka. "Umefikiri vya kutosha. Tuuzibe?"

Salinda alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni anafuta mikono. Alimtazama Ammon, akamtazama Baba kwenye kiti chake. Upande wa Titus hakugeuka.

"Ziba," akasema. "Ziba tu. Kazi yake imekwisha."

Titus aliweka mwiko wake chini polepole sana. Uso wake haukubadilika, ila masikio yalimlegea kama ya mbwa aliyefokewa. "Haya," akasema. "Nitatoa ubao kwanza."

Akapiga magoti, akaingiza nyundo chini ya ule ubao wa kizingitini, ukang'oka na misumari yake. Akapuliza vumbi. Kisha akatulia, akawa anapapasa jiwe lililokuwa chini kama mtu anayetafuta sarafu gizani.

"Dada Salinda," akasema. "Hebu njoo."

Tukaja sote. Kizingiti kile ni jiwe moja refu la kijivu, na katikati lilikuwa limelika, limebonyea kama kijiko. Ungeweza kunyweshea kifaranga pale.

"Hii ni miguu," Titus akasema. "Na siyo ya bibi harusi mmoja kila baada ya miaka ishirini. Ni viatu vya shamba, vya kila siku, miaka mia au zaidi." Akainuka, akaenda kwenye kizingiti cha jikoni. Nacho kimelika, lakini hakifiki nusu ya kile. Akashika matofali ya ukingo. "Tazama na hapa. Kule sebuleni ukingo umepangwa zima, nusu, zima, nusu, na nusu zenyewe zilifinyangwa hivyo, zikachomwa hivyo. Hapa jikoni yamekatwa kwa nguvu, angalia meno. Mlango huu ulitobolewa ukuta ukiwa umeshasimama. Mlango wa nyumba ni ule."

Nyumba nzima tukageuka kumtazama Baba. Alikuwa anatazama bata.

"Baba," nikasema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Kila mgeni akiuliza kwa nini milango miwili, nyinyi ndio mlikuwa mnajibu. Mnajibu vizuri, mpaka mimi mwenyewe nikawa naamini."

"Sasa tunauliza," Salinda akasema.

Baba akavuta blanketi. "Bibi yangu alinunua zulia. Kutoka Philadelphia, lina mawaridi. Akalitandika sebuleni. Siku hiyo hiyo babu akatoka zizini akapita juu yake na buti zake. Bibi hakusema neno. Kesho yake akaleta fundi, wakatoboa mlango wa jikoni, akasema wenye matope wote wapite huko. Sebuleni wapite wasio na matope."

"Na hao ni nani?" Ammon akauliza. "Kwenye shamba?"

"Ndiyo maana. Bibi harusi siku yake moja. Na maiti. Hao ndio pekee waliopatikana."

Salinda akauliza, "Na zulia liko wapi?"

"Nondo walilimaliza kabla hujazaliwa. Kipande kilichobaki mama yako alimtandikia mbwa."

Nikamwangalia dada yangu. Huyu ndiye aliyekuwa akiusugua mlango ule kila Jumamosi, nje na ndani, ndani kwa kuzunguka jikoni, na hajawahi kuupita hata mara moja. Alishuka, akaweka mguu wake kwenye lile bonde la jiwe. Ukaenea.

"Miaka thelathini," akasema. "Naliheshimu zulia la mbwa."

Halafu mabega yakaanza kumcheza, na safari hii hakuwa na aproni ya kujificha.

"Ammon," akasema alipopata pumzi, "rudisha dirisha lako."

"Umesema ziba, wote tumesikia."

"Nilisema. Sasa nasema rudisha."

"Na saruji je?"

"Kajisimamishie sanamu," Baba akasema. Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, "Na msianze kunitafutia pa kwenda. Nyumba hii imewahi kulaza watu kumi na wanane. Haiwezi kushindwa na fundi mmoja mwembamba."

Titus aligeukia ukuta haraka. Ukimtazama shingo ungedhani nayo ilichomwa tanuri moja na matofali.

Wiki iliyofuata alilijenga tao. Alitengeneza umbo la mbao, akapanga matofali juu yake yamesimama wima, yanainamiana mpaka lile la katikati likayabana yote, akayafunika kwa magunia, jalidi isiyaguse. Kahawa ilikwenda saa nne kama kawaida. Swali la siku ile hakulirudia, alishaniambia halirudii. Salinda naye hakuligusa. Mimi nilikonda, ingawa aproni yangu ilikataa kukiri.

Siku ya mwisho, asubuhi, Titus alitoa zile mbao. Tao likabaki limesimama lenyewe. Akaosha vyombo vyake pampuni, akavifunga kwenye gunia, akavitia kwenye gari lake kuukuu. Akaingia kwa mlango wa jikoni kumuaga Baba, akatoka kwa mlango wa jikoni. Salinda haonekani. Nikamwita, kimya. Nikaenda mpaka kwenye nyumba ya maziwa, hayupo. Titus aliifunga ile kamba ya gunia mara mbili, akaifungua, akaifunga tena.

"Basi, dada Fianna," akasema, mkono uko kwenye mlango wa gari.

Hapo tukasikia komeo. Komeo lile lilikuwa halijaguswa tangu siku ya Mama, na lilipiga kelele kama ndama. Mlango wa sebuleni ukafunguka wote, na Salinda akatokea, aproni ya kijivu ya kazini, ndoo ya maganda ya viazi mkononi, na buti zake zina samadi ya zizini. Nyuma yake, juu ya mbao za sebuleni alizozipiga nta miaka yote ile, nyayo zilikuwa zimejipanga kutoka jikoni, nyeusi, moja moja. Akakanyaga lile bonde la jiwe, akashuka.

Kutoka chumba cha nyuma sauti ya Baba ikaita, "Nani amekufa?"

"Hakuna, Baba."

"Basi nani anaolewa?"

Salinda alimtazama Titus Kulp usoni, moja kwa moja, mpaka mkono wa yule bwana ukaanguka kutoka kwenye mlango wa gari. Akahamisha ndoo mkono wa pili.

"Mimi, Baba," akasema. "Lakini kuku kwanza."